Wanaosubiri matokeo ya QT na kigingi cha sarufi ya Kiingereza

KWA maelfu ya watu wazima nchini, wiki za kati ya Novemba na mwishoni mwa Januari huwa ndefu kuliko nyingine zote za mwaka. Hao ni watahiniwa wa Mtihani wa Maarifa, ambao wengi wanaufahamu kwa herufi zake mbili tu, QT, na ambao kwao matokeo ndiyo ruhusa ya kuendelea na safari au amri ya kurudi ilikoanzia.

Mtihani huo huendeshwa na Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) sambamba na ule wa kidato cha nne, na kwa kawaida matokeo ya mitihani hiyo miwili hutolewa pamoja. Yale ya mwaka 2023 yalitangazwa Januari 25, 2024, na ya mwaka 2024 yakatoka Januari 23, 2025. Siku hiyo macho ya wananchi huelekea kwenye ufaulu wa shule za sekondari, na QT huambulia aya moja mwishoni mwa taarifa, tena ikibahatika.

Hata hivyo, ukipita jioni katika vituo vya masomo ya watu wazima vya Dar es Salaam, Mwanza au Arusha katika wiki hizo za kusubiri, utakuta taa zinawaka. Waliomaliza mtihani hawajaenda kupumzika. Wamerudi na madaftari yao, na somo ambalo wengi huanza nalo ni Kiingereza, hususan sarufi yake.

Sababu ya kufanya hivyo inaeleweka mtu akitazama jinsi njia hii ya elimu ilivyojengwa.

Mwanafunzi aliye katika shule ya kawaida hupimwa akiwa kidato cha pili kabla ya kuruhusiwa kuendelea na kidato cha tatu na cha nne. Aliye nje ya mfumo huo hana kipimo hicho. QT ndiyo inayoshika nafasi yake: humthibitisha mtu kuwa ana maarifa ya kiwango cha kidato cha pili, hata kama hajawahi kuvaa sare ya sekondari, na kumpa sifa ya kujisajili kufanya mtihani wa kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea.

Katika utaratibu wa masomo ya sekondari kwa njia huria unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima (TEWW), iliyoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1975, masomo ya kidato cha kwanza na cha pili husomwa kwa mwaka mmoja, na ya kidato cha tatu na cha nne kwa mwaka mwingine mmoja. Kazi ya miaka minne, kwa maneno mengine, hufanywa kwa miwili.

Nayo hufanywa na mtu ambaye mchana yuko kazini. Mlinzi anayeingia lindo saa 12 jioni husoma asubuhi akiwa na usingizi. Mama lishe huja darasani saa 10 jioni baada ya kuosha sufuria. Kondakta wa daladala huja siku ambayo tajiri amempa nafasi. Kwa watu hao, kusema "nitaanza kujiandaa matokeo yakitoka" ni kupoteza miezi miwili kati ya kumi au kumi na mmoja iliyopo kabla ya Novemba nyingine.

Elimu ya watu wazima nchini haikuanzia kwenye vyeti. Mwalimu Julius Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, lengo lilikuwa mkulima ajue kusoma, kuandika na kuhesabu, na elimu hiyo imsaidie kuishi vizuri zaidi. Ndiyo iliyozaa kampeni kama "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" ya mwaka 1975, ambapo watu walikusanyika katika vikundi kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kisha kwenda kuchimba vyoo. Kwa mujibu wa takwimu za Serikali za wakati huo, waliojua kusoma na kuandika waliongezeka kutoka takribani asilimia 33 mwaka 1967 hadi asilimia 90.4 mwaka 1986.

Yote hayo yalifanyika kwa Kiswahili. Hakuna aliyemwuliza bibi wa Rufiji au mzee wa Iramba kama anajua wakati uliopo timilifu wa Kiingereza.

Mwanafunzi mtu mzima wa leo ana shida ya aina nyingine. Kusoma na kuandika anajua. Alimaliza darasa la saba, na baadhi walifika hata kidato cha kwanza au cha pili. Anachokosa ni cheti cha kidato cha nne, na ukosefu huo unamgharimu. Tangu Mei 20, 2004, kidato cha nne ndicho kiwango cha chini cha elimu cha kuajiriwa katika utumishi wa umma. Waajiri binafsi nao wakafuata mkondo huo, hata kwa kazi za ulinzi na udereva.

Uzito wa cheti hicho ulionekana wazi Aprili 2017, Rais John Magufuli alipokabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti iliyoonyesha kuwa watumishi wa umma 9,932 walikuwa na vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Wapo waliosema kwamba watu hao walikuwa wakifanya kazi zao vizuri, na huenda ni kweli kwa baadhi yao, lakini mtu anayelala saa tano usiku akisoma ili apate cheti chake kwa haki ana kila sababu ya kutowaonea huruma.

Wanaosoma QT wametoka katika makundi tofauti. Lipo la waliomaliza shule ya msingi katika miaka ya 1990, wakati ambapo waliopata nafasi ya sekondari hawakufika hata robo ya waliohitimu darasa la saba. Shule za kata zilizosambazwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ziliwakuta wameshaoa, wameolewa au wamo machimboni na sokoni. Kufaulu kwao hakukuwa tatizo; nafasi hazikuwapo.

Kundi jingine ni la wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya ujauzito. Kwa miaka mingi waliondolewa shuleni, na Juni 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba katika utawala wake hakuna mwanafunzi mwenye mtoto atakayerudi shule ya kawaida. Njia iliyobaki kwao ilikuwa ni hii ya pembeni. Machi 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 za Marekani kwa mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ambao sehemu yake ilikuwa kuimarisha njia mbadala kupitia vituo vya TEWW. Novemba 24, 2021, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuwa wanaojifungua wanaweza kurejea katika shule za kawaida. Wapo wanaorejea. Wapo pia wanaoona aibu kukaa dawati moja na wadogo zao, au wasio na mtu wa kuwaachia mtoto asubuhi, na hao huendelea kuchagua darasa la jioni.

Sasa turudi kwenye sarufi, kwa kuwa hapo ndipo safari za wengi hukwama.

Mtu aliyesoma shule ya msingi ya Serikali alifundishwa Hisabati, Sayansi, Historia na Jiografia kwa Kiswahili. Sekondari masomo hayo hayo yanageuka kuwa ya Kiingereza, isipokuwa Kiswahili chenyewe. Mtoto wa miaka 14 anayeingia kidato cha kwanza hupambana na mabadiliko hayo kwa miaka minne, akiwa na walimu na wenzake kutwa nzima. Mtu mzima wa miaka 35 hupambana nayo kwa saa mbili za jioni, tena miaka 20 baada ya kusikia sentensi yake ya mwisho ya Kiingereza darasani.

Matokeo yake ni kwamba somo la Kiingereza halibaki kuwa somo moja kati ya mengi. Linakuwa mlango wa masomo mengine yote. Mtahiniwa anaweza kukusimulia Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 kuanzia maji ya Kinjekitile pale Ngarambe hadi njaa iliyofuata, lakini swali la Historia likianza na maneno "account for" anaganda. Neno "account" analijua kutoka benki. Hajui kwamba hapo anatakiwa kutoa sababu, na akikisia kuwa anatakiwa kusimulia, atajaza kurasa mbili za habari sahihi na kupata alama chache.

Ndiyo maana walimu wazoefu wa vituo hivi huanza na maneno ya maswali kabla ya kanuni: lipi linataka utaje, lipi linataka ueleze, lipi linataka utofautishe, lipi linataka utetee hoja kwa mifano. Orodha yenyewe haizidi ukurasa mmoja. Mtu aliyeikariri huweza kupata alama ambazo hakuwa akizipata, ingawa hajaongeza chochote katika Historia wala Jiografia.

Kanuni zenyewe ni ngumu kwa sababu ambazo hazihusiani na akili ya mwanafunzi. Nyingi zinatokana na tofauti kati ya lugha hizi mbili, na mwalimu anayezijua tofauti hizo hufundisha kwa haraka kuliko anayesoma kitabu mstari kwa mstari.

Chukua kitenzi. Kiswahili hubadilisha mwanzo wa neno: ninakwenda, unakwenda, anakwenda. Kiingereza hakigusi mwanzo. Katika wakati uliopo wa kawaida hubadilisha mwisho, nao kwa nafsi ya tatu umoja peke yake, kwa kuongeza herufi "s". Mwanafunzi aliyezoea kutazama mwanzo wa neno huisahau "s" hiyo kila mara, kwa kuwa haioni kama inabeba maana yoyote. Na kwa kweli haibebi maana kubwa, lakini msahihishaji anaitafuta.

Kiswahili pia hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiambishi "a". "Amefika" ni yeye, awe baba au mama. Kiingereza kinadai uchague kati ya "he" na "she" kila unapofungua kinywa. Kosa la kumwita shangazi "he" huchekesha darasa zima, ila linatoka kwa mtu ambaye lugha yake haijawahi kumdai tofauti hiyo.

Kigumu kuliko vyote, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ni kiambishi "me". Vitabu vingi humwambia mwanafunzi kuwa "me" ni "have" au "has", naye huamini. "Nimekula" inakubali kanuni hiyo vizuri. Lakini jaribu "amelala". Kwa Kiswahili neno hilo linaeleza hali ya sasa: mtu yuko usingizini. Mwanafunzi huandika "he has slept" akidhani amesema jambo hilo hilo, kumbe Kiingereza kinataka "he is asleep". Vivyo hivyo kwa amesimama, amekaa, amevaa, amechoka. Aidha, katika mazungumzo mtu husema "nimefika jana" bila kukosolewa, ilhali Kiingereza hakiruhusu "have" ikae na jana. Hapo lazima litumike umbo la wakati uliopita.

Wapo wanaosema Kiswahili hakina kitu kinachofanana na "a" na "the", kwa hiyo mwanafunzi akariri tu. Si kweli kabisa. Mtu akisema "nimenunua kitabu", anaweza kuwa anazungumzia kitabu chochote. Akisema "nimekinunua kitabu", msikilizaji anajua ni kile walichokwisha kukizungumzia. Kazi inayofanywa na "ki" hiyo katikati ya kitenzi inakaribiana sana na kazi ya "the". Mtu mzima akielezwa hivyo, anagundua kwamba tayari anaijua dhana yenyewe na amebakiza kujifunza mahali pa kuiweka.

Kiambishi "ni" nacho kina mitego yake. Nyumbani, mezani, shuleni na kitandani yote yanaishia sawa, lakini Kiingereza kinataka "at" hapa, "on" pale na "in" kwingine. Na katika masharti, Kiswahili huweka "nge" pande zote mbili: ningejua, ningekuja. Mwanafunzi huhamisha mpangilio huo kama ulivyo na kuweka "would" mara mbili. Kiingereza hukubali "would" upande mmoja tu. Upande wa "if" hupewa kitenzi cha wakati uliopita, hata kama jambo lenyewe si la zamani. Hapa wengi huuliza kwa nini, na hakuna jibu la kuridhisha zaidi ya kwamba ndivyo wenye lugha wanavyosema.

Kwa bahati mbaya, mihtasari ya Kiingereza ya sekondari ya miaka ya 2000 haikupanga mada kwa jina la kanuni. Ilizipanga kwa matumizi: kueleza mazoea ya kila siku, kuelekeza njia, kuzungumzia familia, kusimulia mambo yaliyopita. Wazo lenyewe ni zuri kwa mtoto anayesikia lugha hiyo kutwa. Kwa mtu mzima anayesoma peke yake usiku, linamwacha akitafuta kanuni iliyojificha ndani ya mazungumzo. Si ajabu kwamba katika meza za wauza vitabu vilivyotumika, vitabu vya zamani vya sarufi vyenye mazoezi ya kujaza nafasi bado vina wanunuzi.

Baada ya QT mzigo unaongezeka. Mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne unahusisha pia fasihi, yaani riwaya, tamthilia na ushairi, na "Weep Not, Child" cha Ngũgĩ wa Thiong'o kimekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa vitabu vinavyosomwa. Kusoma riwaya nzima kwa lugha ya kigeni na kuijengea hoja ni kazi tofauti na kujaza nafasi. Anayetumia Desemba kuimarisha vitenzi anajiandalia Machi atakapoanza kusoma riwaya.

Je, ni lazima iwe hivi? Swali hilo ni la zamani. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulitekeleza pendekezo hilo, na badala yake ukaja mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia mwaka 1987. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilifungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote. Mlango huo haukupitwa. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo, lililozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma Februari 1, 2025, limeacha Kiingereza kiendelee kufundishia sekondari.

Mjadala huo una hoja nzito pande zote mbili. Ila anayesubiri matokeo ya QT hana muda wa kuusubiri umalizike. Umri wake hauruhusu. Wengi wao, ukiwauliza, hawataki hata Kiingereza kiondolewe. Wanakitaka kwa sababu ndicho kilichowafungia mlango, na wanataka kuushika ufunguo wenyewe kwa mkono wao.

Lipo pia suala la fedha. Tangu Januari 2016 elimu ya sekondari katika shule za Serikali hadi kidato cha nne hutolewa bila ada, na tangu mwaka 2022 unafuu huo ukafika kidato cha sita. Mtahiniwa wa kujitegemea hayumo katika hesabu hiyo. Hulipia darasa, vitabu na usajili wa mtihani kutoka mfukoni mwake, naye ndiye mwenye watoto wa kulisha. Ni vigumu kuelewa kwa nini mtoto asomeshwe bure na mama yake, aliyekosa nafasi hiyo hiyo kwa sababu ya zama alizozaliwa, alipie kila kitu.

Kwa anayesubiri sasa, yapo mambo machache ya kutayarisha mapema. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea wa kidato cha nne hufanyika katika miezi ya mwanzo ya mwaka, na anayechelewa hulipa ada ya juu zaidi au hukosa kabisa. Muda kati ya kutoka kwa matokeo ya QT na kufungwa kwa dirisha hilo ni mfupi, hivyo fedha ya usajili inafaa kuwekwa akiba kuanzia Desemba. Mtahiniwa hutakiwa kufika katika kituo anachokusudia kufanyia mtihani ili apatiwe namba rejea kabla ya kulipa na kujaza taarifa zake kwa njia ya mtandao.

Namba ya mtihani wa QT ndiyo inayothibitisha sifa yake, hivyo isipotee. Majina nayo yaandikwe kwa herufi zile zile zilizotumika katika QT: aliyejisajili kwa majina mawili mwaka mmoja na matatu mwaka uliofuata, au aliyebadili "Mohamed" kuwa "Muhammad" njiani, atakuja kuhangaika na hati za viapo siku atakayoombwa cheti na mwajiri.